Usiku wa Kikuyu: waliojeruhiwa na Garissa bila kufika Garissa

Jumapili ya tarehe 12 Aprili 2015, kabla hakujapambazuka, vifaa vya stima, yaani umeme, vililipuka karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kikuyu. Hakukuwa na bomu. Hakukuwa na bunduki, wala mtu mwenye nia mbaya aliyepenya getini. Hata hivyo, kulipokucha mwanafunzi mmoja alikuwa amekufa na wenzake zaidi ya 100 walikuwa wameumia, wengine vibaya sana. Aliyekufa alikuwa ameruka kutoka ghorofa ya juu. Wengi wa majeruhi nao waliruka, na wengine walikanyagwa katika msukumano wa kutoka nje.

Ukikisimulia kisa hiki hivyo tu, kinabaki kuwa habari ya watu waliotishwa na mlio. Ndivyo kinavyotajwa mara nyingi: wanafunzi walidhani wameshambuliwa, wakaruka, basi. Mimi nakiona kuwa kati ya visa vinavyoonyesha wazi kabisa namna kiwewe kinavyofanya kazi katika jamii nzima, na naona wale vijana wanadhulumiwa wanapoambiwa kwamba siku ile akili iliwatoka. Akili yao ilikuwepo. Ilikuwa ikitumia somo ililopewa siku kumi kabla.

Alhamisi ya tarehe 2 Aprili, alfajiri, watu wanne wenye silaha wa al-Shabaab, kundi la kigaidi la Somalia, waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Waliwapiga risasi walinzi getini, wakawavamia wanafunzi Wakristo walioamkia maombi, kisha wakaelekea mabwenini, ambako waliwatenga wanafunzi kwa dini. Manusura walisimulia kwamba waliojifungia vyumbani waliitwa watoke ili wapone, na waliotii wakalazwa chini na kupigwa risasi. Mzingiro uliendelea mpaka jioni. Kikosi maalum cha polisi, Recce, kilitoka Nairobi, zaidi ya kilomita 300, kikafika mchana wakati wengi wameshauawa, na kilipoingia ndani kazi yenyewe haikuchukua muda mrefu. Waliouawa walikuwa 148, na 142 kati yao ni wanafunzi. Msichana mmoja alipatikana akiwa hai siku mbili baadaye, amejificha kabatini.

Kila mwanafunzi nchini aliyafuatilia haya simu ikiwa mkononi, na swali lilikuwa moja: ningekuwa mimi, ningefanya nini? Majibu yaliyotoka Garissa yalikuwa machache na ya kikatili. Aliyejifungia chumbani alifuatwa humo humo. Aliyeitika sauti ya kumwita nje aliuawa. Aliyesubiri askari alisubiri siku nzima. Wengi wa waliopona ni wale waliotoka mbio mapema, wengine bila viatu na nguo nusu, wakakimbilia vichakani. Somo likawa hili: ukisikia mlio wa kwanza, usiulize, toka.

Kwa wanafunzi wa Nairobi somo hilo lilikuja na mambo mengine yaliyolikaza. Mwishoni mwa Machi, siku chache kabla ya Garissa, chuo chao kilikuwa kimewatangazia kwamba kuna taarifa za uwezekano wa shambulio katika chuo kikuu kikubwa. Yaani waliambiwa, na likatokea, ila likatokea kwa wenzao. Miili ya waliouawa ikaletwa Nairobi, katika mochari ya Chiromo, iliyo pale pale kwenye kampasi ya chuo hicho. Wazazi walipanga foleni wakisubiri kuonyeshwa picha za maiti ili wamtambue mtoto. Tarehe 7 Aprili wanafunzi waliandamana mjini wakidai ulinzi. Picha za vyumba vya Garissa, na kilichokuwa ndani yake, zilizunguka WhatsApp usiku na mchana.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likipewa uzito. Kikuyu ndiko wanakosomea ualimu. Novemba 22, 2014, miezi mitano kabla ya usiku huo, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa na al-Shabaab, na abiria 28 wakauawa baada ya kutengwa kwa dini. Wengi walikuwa walimu na watumishi wengine wa serikali waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Mwanafunzi wa ualimu aliyesoma habari ile alijua kwamba akimaliza chuo anaweza kupangiwa kazi huko huko. Kwa hiyo aliyelala Kikuyu usiku ule alikuwa na sababu mbili za kujiona yumo katika habari hizo, kama mwanafunzi wa leo na kama mwalimu wa kesho.

Sasa tumchukue mmoja, wa kufikirika, aliye ghorofa ya tatu. Amelala. Mlio mkubwa unamwamsha. Mlipuko wa stima kwa kawaida huja na mmweko, na mara nyingi hufuatwa na giza, kwa hiyo mkono unaopapasa swichi haupati kitu. Mtu aliyekurupushwa usingizini huchukua dakika kadhaa kabla fikra hazijatulia sawasawa, ingawa miguu imeshashuka kitandani. Sehemu ya ubongo inayoitwa amigdala, iliyo ndogo kama lozi, haingoji maelezo: inatoa amri, adrenalini inamwagika, moyo unaenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli. Sehemu ya mbele, ile ya kupima na kuuliza maswali, inachelewa. Kabla haijafika, anasikia ukelele kwenye ukumbi, kisha vishindo vya miguu mingi. Vishindo hivyo kwake ni ushahidi. Kama mia wanakimbia, kuna kinachowakimbiza. Mlangoni kuna msongamano wa watu asiowaona, na kwa Garissa mlangoni ndiko walikokuwa wauaji. Dirishani kuna hewa. Anachagua dirisha.

Mtu anaweza kusema alichagua vibaya, na mfupa uliovunjika unathibitisha. Lakini kwa taarifa alizokuwa nazo katika zile sekunde chache, sioni ni wapi alipokosea. Hakuna aliyetangaza ni kitu gani kimelipuka. Hakukuwa na sauti anayoiamini kumwambia abaki. Na Garissa, sauti iliyowaita watu ndiyo iliyowaua.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ni kweli, lakini kisa cha Kikuyu kinaipita methali hiyo hatua moja, kwa sababu hawa hawakuumwa. Walimwona mwenzao akiumwa, tena kupitia kioo cha simu, na bado waliruka. Hili limefanyiwa utafiti kwingineko. Siku chache baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, uchunguzi uliofanywa kwa watu wazima Marekani nzima ulikuta asilimia 44 wana angalau dalili moja nzito ya mfadhaiko, wengi wao wakiwa mbali kabisa na New York. Baada ya bomu la mbio za Boston mwaka 2013, waliotazama habari za tukio hilo saa sita au zaidi kwa siku katika juma la kwanza waliripoti mfadhaiko mkali kuliko hata watu waliokuwepo kwenye tukio. Picha inayorudiwa haimpi mwili nafasi ya kuamini kwamba jambo limekwisha.

Hapa lazima niwe mwangalifu. Sisemi wanafunzi wa Kikuyu walikuwa wagonjwa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, ili mtu ahesabiwe kuwa na ugonjwa wa kiwewe, unataka awe amepatwa na tukio la kutisha, au ameliona kwa macho, au limempata ndugu au rafiki wa karibu. Kuliona kwenye televisheni au simu hakuhesabiki, isipokuwa kama ni sehemu ya kazi yake. Wengi wa waliolala pale wasingeingia katika kipimo hicho. Na ndiyo maana kisa chao ni muhimu, kwa sababu kinaonyesha kwamba kiwewe kinaweza kuvunja miguu ya watu ambao hakuna daktari angewaandikia kwamba wana kiwewe. Hawakuhitaji kuwa wagonjwa. Ilitosha kuwa wamefundishwa.

Na somo la kiwewe siku zote ni la tukio lililopita. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke kuliko yote, na Kenya ina mifano yake, hata ukitazama madirisha peke yake. Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuliwa katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, lilitanguliwa na mlio mdogo. Watu waliokuwa maofisini katika majengo ya jirani walisogea madirishani kutazama kuna nini, na mlipuko mkubwa ukawakuta hapo, vioo vikaingia machoni. Watu 213 walikufa Nairobi, na wengi katika maelfu ya waliojeruhiwa walipoteza macho. Waliokuwa mjini siku ile walijifunza: ukisikia mlio, kaa mbali na dirisha. Machi 2001, shule ya Kyanguli huko Machakos, wavulana 67 waliungua bwenini kwa sababu mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Funzo likawa kwamba dirisha ndiyo njia ya mwisho ya kutokea, na mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 ukakataza vyuma kwenye madirisha ya mabweni. Kisha Garissa, kisha Kikuyu, na dirisha lililo wazi, ghorofani, likaua. Kila mara watu walifanya lililo sahihi kwa msiba wa nyuma.

Serikali nayo ilikuwa na mwili wake uliokurupushwa. Jumamosi ya tarehe 11 Aprili, saa chache tu kabla ya mlio wa Kikuyu, Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, aliupa Umoja wa Mataifa miezi mitatu kuwaondoa wakimbizi Dadaab, kambi iliyokuwa na watu zaidi ya 300,000, wengi wao Wasomali. Siku chache nyuma kampuni 13 za kutuma pesa, ambazo familia nyingi za Kisomali zilizitegemea, zilikuwa zimefungwa. Dadaab haikufungwa katika miezi hiyo mitatu. Lakini mwenye jina la Kisomali, aliyezaliwa Garissa au mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, ambaye huenda naye alimpoteza mtu, alijikuta akitazamwa kama mlipuko ambao haujatokea. Kwangu hilo na lile la dirishani ni tendo moja. Tofauti ni kwamba mwanafunzi alijiumiza mwenyewe, na serikali ikawaumiza wengine.

Kaskazini Mashariki kwenyewe, walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi walikataa kurudi baada ya mauaji ya basi la Mandera. Siwezi kumlaumu hata mmoja. Ila watoto wa Mandera, Wajir na Garissa, ambao hawakumuua mtu, walikaa madarasani bila mwalimu.

Novemba 30 mwaka huo huo likatokea jambo ambalo bado linanisononesha. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifanya zoezi la kujiandaa kwa shambulio, kukiwa na milio ya risasi. Kusudi lilikuwa jema: kupima kama chuo kiko tayari. Wanafunzi na wafanyakazi wengi waliamini ni kweli. Wakaruka madirishani, wakaning'inia kwenye kingo za ghorofa. Mfanyakazi mmoja alikufa kwa majeraha, na wengine wengi waliumia. Chuo kiliomba radhi. Kikuyu ilikuwa imeshaonyesha, miezi saba kabla, kwamba katika nchi hii mwaka ule mlio peke yake ulitosha kuua. Ukiamini kwamba Kikuyu ilitokana na ujinga wa wanafunzi, dawa utakayoiona ni kuwazoesha mlio. Ukielewa kwamba ilitokana na somo walilokwisha kulipata, utajua kwamba kurudia mlio ni kulikazia somo lile lile.

Basi wangesaidiwaje? Lililozoeleka baada ya msiba ni kuleta washauri kwa siku moja, kuwakusanya watu ukumbini, kila mmoja aeleze alichokiona, kisha magari yaondoke. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao kama hicho cha mara moja kwa kila mtu, kwa sababu tafiti hazikuona kwamba kinazuia ugonjwa. Linalopendekezwa kwa siku za kwanza ni mambo ya kawaida kabisa: mtu awe mahali salama, apewe habari za kweli, aunganishwe na watu wake, asikilizwe akitaka kusema na asilazimishwe asipotaka.

Nairobi tuna ushahidi wetu wenyewe kuhusu nani anazama na nani anaibuka. Mwezi mmoja hadi mitatu baada ya bomu la 1998, watafiti wakiwemo madaktari wa akili wa Kenya waliwahoji watu 2,883. Asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia vigezo vya ugonjwa wa kiwewe. Waliokuwa hatarini zaidi hawakuwa tu walioumia au waliofiwa. Walikuwemo waliokosa rafiki wa kumweleza siri, na waliopatwa na shida ya pesa baada ya mlipuko. Fikiria maana yake kwa mwanafunzi aliyevunjika mgongo, ambaye mama yake anauza sukuma wiki ili alipe karo. Kumpa ushauri nasaha bila kumlipia bili ya hospitali ni kutibu nusu ya jeraha.

Ulinganisho mwingine uliwaweka manusura wa Nairobi na wale wa bomu la Oklahoma City, Marekani, la 1995 pamoja. Kiwango cha ugonjwa hakikutofautiana. Kilichotofautiana ni pa kukimbilia: wa Nairobi waliegemea zaidi dini, na kidogo zaidi matibabu, dawa na pombe. Nikisoma hilo narudi Garissa. Wauaji waliwakuta watu kwenye maombi ya alfajiri. Walipiga mahali ambapo Mkenya aliyejeruhiwa moyoni angekimbilia, na wakaifanya dini yenyewe kuwa swali la kufa na kupona. Mwanafunzi Mkristo na mwanafunzi Mwislamu waliokuwa wakikaa chumba kimoja walibaki na kitu kati yao ambacho kasisi peke yake au imamu peke yake hawezi kukiondoa. Walihitaji kuketi pamoja, na hilo linataka muda na mtu wa kuliandaa.

Watu wa kufanya kazi hiyo wanaweza kupatikana. Katika vitongoji vya Nairobi, utafiti uliochapishwa 2017 uliwafuata wanawake 421 waliokuwa na dhiki na waliopitia ukatili wa kijinsia. Wahudumu wa afya wa jamii, ambao si wanasaikolojia, walifundishwa namna ya kuwasaidia kupambana na matatizo yao katika vikao vitano vya dakika 90. Waliopata vikao hivyo walipungukiwa na dhiki kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kule Nakivale, Uganda, wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwatibu wenzao Wanyarwanda na Wasomali kwa njia ya kusimulia maisha yao kwa mpangilio, na dalili za kiwewe zilipungua. Chuo cha ualimu kimejaa vijana wanaojifunza kusimama mbele ya watu, kusikiliza na kueleza. Kuwafundisha kumi katika kila bweni si ndoto.

Na kabla ya tiba kuna dakika kumi za kwanza. Taa za dharura zinazojiwasha stima ikipotea. Ngazi mbili, si moja, na milango isiyofungwa kwa kufuli. Msimamizi anayejulikana kwa sauti na kwa jina, mwenye kipaza sauti kinachotumia betri, anayeweza kusema: "Ni mimi, ni stima imelipuka upande wa nje, hakuna mtu aliyeingia, shukeni polepole." Zoezi la kutoka bwenini lifanywe mchana, litangazwe mapema, wala pasipigwe risasi yoyote, ili mguu uzoee ngazi na sikio lizoee sauti ile. Sauti hiyo haijengwi usiku wa tukio. Hujengwa muhula mzima, kwa mtu anayewaambia wanafunzi ukweli hata kwenye mambo madogo, kama maji yatarudi lini na kwa nini geti limefungwa.

Hesabu rasmi ya Garissa ni 148. Mwanafunzi wa Kikuyu hamo, na mfanyakazi wa Strathmore hamo. Zaidi ya 100 walioumia Kikuyu wameandikwa kama majeruhi wa hitilafu ya umeme. Mimi ningewaandika pamoja na wale wa Garissa, kwa sababu bila tarehe 2 Aprili mlipuko ule wa stima ungewaamsha, wakachungulia nje, wakalalamikia giza, wakarudi kulala. Na kuandikwa huko kuna maana ya pesa na ya tiba: nani analipiwa upasuaji wa pili, nani anaendelea kuonana na mshauri mwaka wa tatu, na nani anaambiwa ameshapona kwa sababu tu alikuwa mbali.